Usinunue gari kwa shilingi ya mwisho: mwongozo wa gari la mitumba na usalama wa barabarani Pwani

Keti baraza yoyote ya Mombasa baada ya swala ya isha, iwe Mji wa Kale, Majengo, Kisauni au Likoni, na mtu mmoja aseme anataka kununua gari. Kahawa itapoa vikombeni. Huyu atamwambia achukue Vitz kwa kuwa hainywi mafuta. Yule atasema Probox ndiyo gari ya mtu mwenye familia mjini na shamba Kwale. Wa tatu atatoa simu amwonyeshe picha ya Fielder ya shemeji yake, "iko safi, haina kazi." Watabishana juu ya rangi, injini, spea na bei ya kuiuza baadaye. Nimekaa baraza hizo miaka mingi, na sikumbuki hata mara moja kumsikia mtu akiuliza, "Breki zake zikoje?" au "Mikanda ya nyuma inafunga?"

Makala haya ni ya huyo anayetaka kununua. Nimekusanya mambo ambayo mtu wa kipato cha kawaida anapaswa kuyajua kabla ya kutoa pesa zake, pamoja na zile kauli zetu za baraza ambazo zimetufanya tuzike watu. Nitaanza na magari yenyewe: yanatoka wapi, na kwa nini bei yake iko vile ilivyo.

Yanatoka wapi

Magari mengi ya mitumba tunayoyaona hapa hutoka Japani, nchi inayoendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani ukiwa kulia. Mengine hutoka Uingereza, Singapore, Thailand na Afrika Kusini. Yakija kwa meli hushukia bandari yetu ya Mombasa, ndiyo maana yadi zimejaa mjini.

Mjapani hauzi gari lake kwa sababu limekufa. Kule kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken. Gari jipya la kibinafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama yake si ndogo. Wengi huona afadhali wauze kabla ukaguzi mwingine haujafika. Gari huuzwa mnadani kwa bei ya chini likiwa bado na uhai wake.

Kwetu sisi, shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lina kiwango kiitwacho KS 1515. Kiwango hicho hakiruhusu kuingizwa nchini gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza huko lilikotoka. Kwa mfano, mwaka 2025 lilikubaliwa gari la 2018 kuendelea. Tena gari hukaguliwa huko huko kabla ya kupakiwa melini, na hupewa cheti cha kuonyesha linafaa kutembea barabarani.

Likifika bandarini linakutana na KRA. Kuna ushuru wa forodha, ambao tangu 2023 ni asilimia 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, kisha VAT ya asilimia 16, pamoja na ada nyingine ndogo ndogo. Kila kodi hupandishwa juu ya nyingine. Gari likifika yadi, bei yake haifanani kabisa na ile ya mnadani.

Mwalimu wa madrasa, karani, muuza duka na kijana wa bandarini hawafiki bei hiyo. Wao hununua gari ambalo limeshatumika Kenya miaka kumi au zaidi, likapita mikono mitatu au minne. Ni mitumba ya mitumba, na ndilo gari ninalolizungumzia zaidi leo. Kile cheti cha Japani kilikuwa cha siku lile gari lilipopanda meli. Matatu na malori hukaguliwa kila mwaka, lakini gari la kibinafsi kwa miaka mingi lilikuwa halifuatwi na mtu. Mwaka 2025 serikali ilitoa rasimu ya kanuni zinazotaka magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne tangu kuundwa nayo yakaguliwe. Watu wakalalamika, wengine kwa haki, kwamba ni ada nyingine juu ya ada. Lakini ukaguzi usipofanywa na serikali, basi lazima ufanywe na mwenye gari mwenyewe. Kuna siku nilijifunza hilo kwa uchungu.

Yaliyonipata Matsangoni

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu nilipopata gari langu la kwanza, Toyota iliyokuwa imeshatumika hapa Mombasa miaka sita. Nilikusanya akiba, nikauza pikipiki, nikaongezewa na ndugu yangu. Nililipa mpaka shilingi ya mwisho. Zilibaki elfu kadhaa, na hizo nilitia redio mpya na vitambaa vya viti. Nilijiona mtu.

Wiki ya tatu nilimpeleka mamangu Malindi kwenye hitima. Nyuma alikaa yeye na wanangu wawili, hakuna aliyefunga mkanda. Tulipopita Matsangoni tairi ya nyuma ya kushoto ikapasuka. Gari liliyumba likaingia upande wa pili, basi moja lilikuwa limetupita sekunde chache kabla, kisha likarudi likatumbukia kwenye mchanga wa kando. Watoto walipata michubuko. Mamangu alivunjika mkono, na mpaka leo mkono ule haukunjuki sawasawa. Akiinua buli la chai huona haya mbele ya wageni, na mimi huangalia pembeni.

Fundi aliyekuja kutoka Gede aliichunguza ile tairi, akanionyesha tarakimu nne ubavuni mwake. Ilikuwa na miaka kumi na moja. "Meno yake mazuri kwa sababu haikutembea," akasema. "Ilikuwa imekaa tu ikikauka." Nilifikiria ile redio. Pesa zake zingenunua tairi mbili.

Tangu siku ile nimeamini jambo moja: gari la bei nafuu linaweza kuwa salama, lakini gari lililonunuliwa kwa shilingi ya mwisho ni vigumu sana kuwa salama. Sasa tuzitazame kauli zetu moja moja.

"Namba mpya, gari jipya"

Tumezoea kukisia umri wa gari kwa herufi za namba. Namba za KBA zilianza 2007, za KCA karibu na mwisho wa 2014, na za KDA mwaka 2020. Lakini namba hukuambia lini gari lilisajiliwa Kenya, haikwambii liliundwa lini. Gari la KBA lililoingia 2007 laweza kuwa limeundwa mwaka 2000. Leo hilo lina umri wa kijana aliyekwisha kuoa. La KCA laweza kuwa la 2007. Tazama mwaka wa kuundwa kwenye logibuku, kisha uhesabu umri wa mpira, wa mikanda na wa mabomba ya breki kuanzia hapo.

"Kilomita zake chache"

Kipimo cha kilomita kwenye dashibodi hurudishwa nyuma kwa muda mfupi na kwa pesa kidogo. Usikiamini peke yake. Angalia pedali ya breki: mpira wake ukiwa umelika mpaka umelainika, na dashibodi inasema kilomita elfu arobaini, mmoja wao ni mwongo. Angalia pia usukani, kiti cha dereva na ukingo wa mlango.

Kama gari linatoka Japani moja kwa moja, omba karatasi ya mnada na cheti cha kusafirishia. Cheti huonyesha kilomita zilizoandikwa wakati wa ukaguzi wa kule. Karatasi ya mnada huonyesha daraja la gari na kila palipokwaruzika. Ukiona herufi R au RA mahali pa daraja, jua gari hilo lilipata ajali likatengenezwa. Si lazima ulikatae, lakini usiuziwe kwa bei ya gari lisilowahi kuguswa.

"Tairi bado zina meno"

Hii ndiyo kauli iliyoniponza. Tairi hufa kwa njia mbili: kulika na kuzeeka. Kulika kunaonekana. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo vya mpira. Tairi ikilika mpaka ikawa sawa na vituta hivyo, imebaki na milimita 1.6, na katika nchi nyingi hapo ndipo mwisho wake kisheria.

Kuzeeka hakuonekani kwa haraka. Tafuta ubavuni maandishi DOT, na mwisho wake tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2319, tairi iliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikishapita miaka mitano au sita ikaguliwe na fundi kila mwaka, na ikifika kumi itolewe hata kama inang'aa. Jua letu la Pwani huikausha mapema. Ukiona mipasuko midogo kama ya ardhi ya kiangazi ubavuni mwa tairi, usiende nayo Malindi. Na usisahau tairi ya akiba, ambayo mara nyingi ndiyo kongwe kuliko zote.

Zile tairi zilizotumika zinazouzwa kando ya barabara nazo zina tarakimu hizo hizo. Wengi tunanunua kwa kukosa. Basi angalau soma mwaka kabla ya kulipa.

"Injini yake ni moto"

Fundi akisikiliza injini, sote tunanyamaza kama anasoma dua. Injini ikifa, gari husimama na wewe unapanda matatu. Breki zikifa, gari halisimami. Hata hivyo, pesa zetu nyingi za matengenezo huenda kwenye injini.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa yetu imejaa unyevu. Yakishakaa miaka, yakipata moto huchemka kwa urahisi, na ukikanyaga pedali huzama bila kufanya kazi. Mteremko wa Mazeras ukiwa nyuma ya lori si mahali pa kugundua jambo hilo. Yabadilishwe kila miaka miwili. Si ghali.

Halafu kuna kutu. Chumvi ya bahari hula chini ya gari, na magari mengine huwa yameanza kuliwa huko huko Japani, katika mikoa ya kaskazini ambako barabara hutiwa chumvi kuyeyusha theluji. Rangi ya juu huficha. Gari linyanyuliwe, fundi agonge kwa bisibisi sehemu za chini, hasa zinaposhikilia tairi, shokomzoba na mabomba ya breki. Bisibisi ikitoboa, ondoka.

"Lina eabegi, hofu ya nini?"

Eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumka gari linapogonga, imeokoa watu wengi. Lakini kwa gari kuukuu kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza, huenda haipo. Gari lililowahi kugonga na mifuko yake ikafumka, mara nyingine hufunikwa tu na kuuzwa, kwa kuwa kuirejesha ni ghali. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya eabegi kwenye dashibodi yapaswa kuwaka kisha izimike yenyewe. Ikibaki imewaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, jiulize nani aliyeitoa na kwa nini. Taa ya ABS nayo ni vivyo hivyo.

La pili ni kubwa zaidi kwetu. Kampuni ya Kijapani ya Takata ilitengeneza eabegi za magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na mengine mengi. Iligunduliwa kwamba baadhi ya hizo hulipuka kupita kiasi na kumrushia dereva vipande vya chuma. Mamilioni ya magari duniani yalirudishwa kubadilishiwa, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Sababu yake ni kwamba kemikali ya ndani huharibika polepole kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Joto na unyevu ndiyo hali yetu ya kila siku. Chukua nambari ya chasisi, itafute kwenye tovuti ya kampuni iliyounda gari au muulize wakala wake, ujue kama gari lako liko kwenye orodha na kama lilishabadilishiwa.

"Mkanda ni wa polisi"

Tunafunga tukikaribia kizuizi na kufungua tukishapita, kana kwamba mkanda uliundwa kumlinda askari. Tangu kanuni za Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004 hata abiria wa matatu alitakiwa afunge. Leo mikanda mingi ya matatu imekuwa kamba za kufutia vumbi.

Shirika la Afya Duniani linasema mkanda waweza kupunguza hatari ya kufa kwa waliomo garini mpaka nusu. Hakuna dawa ya hospitali inayokupa hivyo bure. Na eabegi iliundwa ifanye kazi pamoja na mkanda. Asiyefunga huirukia wakati inafumka, ikamuumiza badala ya kumsaidia.

Watoto ndio tunaowadhulumu zaidi. Mama hukaa mbele amempakata mwanawe akiamini mikono yake itamzuia. Gari likienda kilomita 50 kwa saa likagonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu ya uzito wa magunia mawili ya mahindi. Hakuna mama mwenye mikono hiyo. Mtoto akae nyuma, kwenye kiti chake kama mnaweza kukinunua. Viti vilivyotumika vinapatikana mjini, mradi havikuwahi kuwa kwenye ajali. Kama kiti hakipo, mtoto aliye mkubwa wa kutosha afunge mkanda wa nyuma. Kwa hiyo unaponunua gari, vuta mikanda yote, pamoja na ya nyuma. Ivute kwa ghafla: inapaswa kukwama. Mara nyingi utaikuta imezikwa chini ya vitambaa vya viti. Vyangu ndivyo vilivyokuwa.

Probox nayo nimtajie mwenye nayo. Ilitoka mwaka 2002 kama gari la kazi, la kubebea mizigo na wafanyakazi wachache. Ni ngumu, ni rahisi kutengeneza, na nyuma ya Kilifi na Kwale imewafikisha wagonjwa hospitali pale ambapo hakuna gari lingine. Lakini ikipakiwa watu kumi, mikanda ni mitano. Watano waliobaki wamefungwa na nini?

"Mwendo haumuui mtu, ajali ndiyo inayoua"

Nilisikia hii kutoka kwa barobaro mmoja, wenzake wakacheka. Gari likienda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kila sekunde. Ukiona mtoto akikimbilia mpira na ukachukua sekunde moja kukanyaga breki, umeshampita kabla hujaanza kupunguza. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huwa karibu mara nne. Hiyo ni kwa tairi nzima na breki nzima.

Katika miaka ya karibuni zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka barabarani Kenya, na walio wengi zaidi ni waendao kwa miguu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa anayegongwa na gari likienda 65 ana hatari ya kufa mara nne na nusu zaidi ya anayegongwa likienda 50. Mjini kiwango cha sheria ni 50. Ukipita Kongowea, Bombolulu, Mtwapa au Ukunda, pande zote mbili kuna akina mama na ndoo, watoto wa shule, tuk-tuk na bodaboda. Hapo mwenye gari ndiye mwenye silaha.

Na kuna mwendo wa mwezi wetu mtukufu. Nusu saa kabla ya magharibi katika Ramadhani, mji mzima huendesha kama unafukuzwa. Dereva ana kiu, kichwa kinauma, tende ziko kwenye kiti cha pembeni. Daraja la Nyali linakuwa uwanja wa mashindano. Weka tende na maji garini, na adhana ikikukuta njiani ufuturu ukiwa umeegesha. Saumu haiharibiki kwa kuchelewa dakika kumi kufika nyumbani.

"Ajali haina kinga"

Hii husemwa matangani, na pale ni maneno ya kumliwaza mfiwa. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni inapotumiwa kabla ya safari, kama ruhusa ya kutofanya kitu. Ajali yangu ya Matsangoni ilikuwa na kinga. Bei yake ilikuwa bei ya redio.

Sote tunakijua kisa cha yule bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W) kama amwache ngamia wake wazi na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Aliambiwa amfunge kwanza, kisha ndiyo ategemee. Dua ya safari tunaisoma, na tuendelee kuisoma. Mkanda na tairi ndiyo kamba ya ngamia.

Kabla ya kulipa

Mambo haya yafanye kwa mpangilio, wala usikubali kuharakishwa na broka anayesema kuna mteja mwingine yuko njiani.

Kwanza, karatasi. Ingia eCitizen kwenye huduma za NTSA, utafute rekodi ya gari kwa namba yake. Ada ni ndogo, shilingi 550. Utaona jina la mwenye gari na kama kuna benki au mkopeshaji mwenye haki juu yake. Gari lililowekwa rehani kwa mkopo wa logibuku laweza kuchukuliwa mlangoni kwako alfajiri, na pesa zako zimeshakwenda. Linganisha nambari ya chasisi na ya injini kwenye gari na zile za kwenye rekodi.

Pili, fundi wako mwenyewe. Asiwe fundi wa muuzaji wala binamu wa broka. Mlipe kwa siku yake, gari liuzwe au lisiuzwe, ili asiwe na sababu ya kukusukuma ununue. Ukiweza, AA Kenya nao hukagua magari kwa malipo.

Tatu, liendeshe, na uanze likiwa baridi. Muuzaji akilipasha moto kabla hujafika, muulize kwa nini. Mahali pasipo watu kanyaga breki kwa nguvu: lisivute upande. Legeza usukani kidogo kwenye barabara iliyonyooka: lisihame njia. Jaribu taa zote, vipangusa kioo na honi. Pitia usiku pia kama inawezekana. Taa za magari mengi kuukuu huwa zimefifia kwa vioo vyake kuwa vya manjano, na kuvisafisha ni kazi ya saa moja.

Nne, uhamisho. Muuzaji ndiye anayeanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, wewe unaukubali kwenye yako. Usilipe pesa zote kabla haujaanza. Sheria ya Trafiki inampa mnunuzi siku 14 tu kutumia gari kabla halijasajiliwa kwa jina lake. Na wewe unayeuza, kumbuka kuwa sheria hiyo hiyo humhesabu mwenye jina kwenye usajili kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Likimgonga mtu Voi, wewe uliyeuza Tudor ndiye utakayetafutwa.

Tano, bima. Ya mtu wa tatu ni lazima kisheria. Humlipia uliyemuumiza, hailitengenezi gari lako. Kampuni nyingi hazikubali kulipa gari kuukuu bima kamili. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na akiba.

Hesabu ya fungu la kando

Sasa turudi kwenye pesa. Ushauri wangu ni huu: ukiwa na laki sita, tafuta gari la laki tano. Hiyo laki moja usiitaje mbele ya muuzaji wala broka. Ni ya tairi nne, pedi na mafuta ya breki, mikanda iliyokwama, taa, bima na uhamisho. Mwaka jana tairi zangu nne za inchi 14 zilinigharimu shilingi 26,000 pamoja na kufungwa. Breki zote, mbele na nyuma, hazikufika nusu ya hiyo. Laki ilibaki na chenji.

Utaambiwa kwa laki sita ungepata gari jipya kidogo, lenye rimu nzuri. Ni kweli. Lakini gari la 2008 lenye tairi mpya na breki nzima litamfikisha mamako Malindi kwa amani kuliko la 2012 linalotembea juu ya mpira wa miaka kumi. Na kama laki tano hazitoshi gari la kuaminika, subiri. Matatu si aibu.

Neno kwa anayeuza

Mnunuzi nimemwambia mengi; muuzaji naye ana lake. Mtume (S.A.W) alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula, akakuta unyevu umefichwa chini ya kikavu, akamkemea mwenye kuuza. Rangi juu ya kutu ni unyevu ule ule. Kilomita zilizorudishwa nyuma ni unyevu ule ule. Tofauti ni kwamba chakula kibovu hutupwa, na breki mbovu huzikwa pamoja na watu. Sema kasoro ya gari lako, upunguze bei, mtu aende akijua cha kutengeneza. Riziki haitapungua.

Juzi barazani kijana wa jirani alikuja na picha za Vitz kwenye simu. Wakaanza kama kawaida: mafuta, rangi, spea. Nikamwambia akirudi kuliangalia apige picha ubavu wa kila tairi. Walicheka. Kesho yake usiku akaniletea picha nne, na kwenye moja yake tuliisoma pamoja: wiki ya 40, mwaka 2013. Alimrudia muuzaji, akapunguziwa elfu ishirini na tano, na gari halikuondoka pale mpaka tairi zilipobadilishwa.